Mashine ndogo, programu kuukuu: keneli zilizopitwa na wakati na gharama yake kwa wafanyabiashara wa Gisenyi

GISENYI, Rubavu – Mfanyabiashara anayenunua saruji, unga au sabuni mjini Gisenyi ili kuvusha Goma hukutana na kompyuta kadhaa kabla mzigo haujafika mpakani. Ya kwanza hutoa risiti ya kodi dukani. Ya pili hupokea malipo, iwe kwa kadi au kwa simu. Ya tatu imefichwa chini ya dashibodi ya lori na humwambia mwenye gari liko wapi. Na kama mzigo ni wa transiti kutoka Mombasa, ipo ya nne: lakiri ya elektroniki iliyofungwa kwenye mlango wa kontena.

Hakuna anayeziita kompyuta. Huitwa mashine, simu, lakiri au "kile kidude cha GPS". Hata hivyo, ndani ya vifaa hivyo mna kichakataji, kumbukumbu na programu, na programu hiyo huzeeka mapema kuliko chuma na plastiki vinavyoifunika. Makala hii inaeleza uzee huo unatokana na nini, unamgharimu nini mfanyabiashara na msafirishaji, na ni maswali gani ya kumuuliza muuzaji kabla ya kulipa.

Keneli ni nini

Kila kompyuta yenye mfumo endeshi ina sehemu ya ndani kabisa inayoitwa keneli. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, kuhesabu saa, kuzungumza na laini ya simu, kusoma kadi na kuamuru printa itoe karatasi. Programu anayoiona mtumiaji, yaani ile ya kuandika ankara au kupokea malipo, huomba huduma kwa keneli kama mteja anavyoomba kwa karani wa dirishani. Karani akiwa hajui utaratibu mpya, mteja atarudishwa hata kama karatasi zake zimekamilika.

Keneli inayotumika zaidi duniani katika vifaa vya aina hii ni ya Linux. Simu zote za Android zimejengwa juu yake, pamoja na mashine nyingi za kadi zenye kioo cha kugusa. Baadhi ya vifaa vya zamani vya kusomea alama za mistari kwenye maghala vilitumia Windows CE au ndugu zake. Ule uliojulikana kama Windows Embedded Handheld 6.5 uliacha kupata msaada wa Microsoft Januari 2020. Vidude vidogo zaidi, kama vifuatiliaji vingi vya bei nafuu, havina hata keneli kamili. Vina programu moja tu iliyochomwa kwenye chipu. Tatizo lake ni lilelile, isipokuwa kwamba kuvirekebisha ni kugumu zaidi.

Namna sasisho linavyokwama njiani

Keneli ya Linux haina mmiliki mmoja. Maelfu ya waandishi huichangia, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki tisa au kumi. Baadhi ya matoleo huteuliwa kuhudumiwa kwa muda mrefu, maana yake ni kwamba kasoro za usalama zinazogunduliwa baadaye huzibwa humo pia. Toleo la 4.4 lilitoka Januari 2016 na huduma yake ikakoma Februari 2022. La 4.19 lilitoka Oktoba 2018 na likafungwa Desemba 2024. Septemba 2023, kwenye mkutano wa Bilbao nchini Hispania, ilitangazwa kwamba muda wa kuhudumia matoleo ya namna hiyo ungepunguzwa kutoka miaka 6 hadi miaka 2. Sababu zilizotolewa ni kwamba watu wachache waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikuwa wamechoka, na kwamba matoleo ya zamani yalikuwa na watumiaji wachache.

Habari hiyo haikupewa uzito katika Afrika Mashariki, ingawa inagusa bidhaa zinazouzwa hapa. Mashine ya kadi inayofika Gisenyi imepita mikono minne au mitano. Mtengenezaji wa chipu huchukua toleo moja la keneli, huongeza viendeshi vyake, na mara nyingi huvifunga visisomwe na mtu mwingine. Kiwanda kinachounda mashine hupokea fungu hilo kama lilivyo, kikaweka juu yake programu zake. Mwagizaji wa Nairobi, Kampala au Kigali hununua mamia au maelfu, na muuzaji wa rejareja ndiye anayemkabidhi mwenye duka.

Kasoro ikigunduliwa leo, dawa yake hutolewa bure kwenye chanzo cha Linux. Lakini dawa hiyo lazima ishuke ngazi zote hizo. Mtengenezaji wa chipu anayekwisha kuanza kuuza chipu mpya hana haja ya kurudi kwenye ya zamani. Kiwanda, hata kikitaka, hakiwezi kuweka keneli mpya kwa sababu viendeshi vilivyofungwa vinakubali toleo lile la awali tu. Mwagizaji hana wahandisi. Mwenye duka hajui hata kwamba kuna dawa.

Mfano mmoja unatosha kuonyesha ukubwa wa pengo. Oktoba 2016 ilizibwa kasoro iliyopewa jina la Dirty COW, ambayo ilimwezesha mtu mwenye ruhusa ndogo ndani ya kifaa kujipa mamlaka yote. Ilikuwa imekaa ndani ya Linux tangu toleo la 2.6.22 la mwaka 2007. Kompyuta kubwa za benki na za kampuni za intaneti zilipata dawa haraka. Kwa mashine ambayo mtengenezaji wake alikuwa amekwisha iacha, kasoro hiyo haikuzibwa na haitazibwa.

Ipo njia ya katikati: kuchukua dawa iliyoandikwa kwa keneli mpya na kuishona kwenye keneli ya zamani. Kazi hiyo inahitaji fundi anayezifahamu zote mbili, kisha majaribio ya wiki kadhaa. Kampuni kubwa zenye mitambo ya kudumu, kama Siemens, Hitachi na Toshiba, ziliungana mwaka 2016 chini ya Linux Foundation katika mradi wa Civil Infrastructure Platform, unaohudumia keneli chache kwa miaka 10 au zaidi. Ya kwanza waliyoichagua ni hiyo hiyo 4.4. Kwa lugha ya uchumi, wamegawana gharama isiyobadilika ambayo kila mmoja peke yake asingeimudu. Muuza mashine mia tatu katika soko dogo kama la magharibi mwa Rwanda hana wa kugawana naye, na hapo ndipo ilipo siri ya bei yake ya chini: gharama ya kuihudumia mashine kwa miaka inayofuata haikuhesabiwa kabisa.

Saa inapopotea

Madhara ya kwanza ambayo mwenye lori huyaona hayatoki kwa wezi wa mtandaoni. Hutoka kwenye saa.

Satelaiti za GPS huhesabu wiki kwa tarakimu zinazoishia 1,023, kisha hesabu hurudi sifuri. Mzunguko mmoja ni karibu miaka 19 na nusu. Hesabu ilirudi sifuri usiku wa kuamkia 22 Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019, na itarudi Novemba 2038. Kifaa kilichosasishwa hujua kuongeza wiki 1,024. Kisichosasishwa hudhani kimerudi nyuma miaka ishirini kasoro. Mwaka 2019 mtandao wa mawasiliano wa serikali ya Jiji la New York ulikwama kwa siku kadhaa kwa sababu hiyo. Wala tatizo halikwishia tarehe hiyo, kwani baadhi ya watengenezaji walipanga mwanzo wao wa kuhesabu. Januari 2022 saa za magari mengi ya Honda na Acura, ya miaka ya 2004 hadi 2012, ziliamka zikionyesha mwaka 2002.

Kwa kifuatiliaji cha lori athari yake ni hii: gari liko barabarani, betri ni nzima, laini ina salio, lakini kila taarifa inayotumwa ina tarehe ya zamani. Seva huitupa au huihifadhi mahali ambapo hakuna anayeangalia. Mwenye mali aliyeko Goma anaambiwa gari "limepotea", na dereva anaanza kupigiwa simu za ukali ilhali yuko Musanze akinywa chai.

Tarehe nyingine ya kukumbuka ni 19 Januari 2038. Keneli za zamani za biti 32 huhesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na hesabu hiyo itajaa siku hiyo saa 11 na dakika 14 alfajiri kwa saa za Rwanda. Kifaa kisichotengenezwa kitaruka nyuma hadi Desemba 1901. Linux iliweka tiba kamili kwa vichakataji hivyo katika toleo la 5.6 la Machi 2020, na chochote chenye keneli ya kabla ya hapo kwa biti 32 kina mashaka. Mwaka 2038 unaweza kuonekana mbali, lakini mashine inayonunuliwa leo na kudumu miaka 12 itaufikia. Tena programu zinazohesabu mbele, kama za mkopo au za muda wa kibali, hugonga ukuta huo mapema zaidi.

Vyeti vinapokwisha muda

Mashine inayotuma data kwa njia salama hukagua cheti cha seva kwanza. Orodha ya mamlaka zinazoaminika imewekwa ndani ya mashine tangu kiwandani, na kila moja ina tarehe ya mwisho. Tarehe 30 Septemba 2021 kilikwisha muda cheti cha msingi kilichokuwa kikitegemewa na vyeti vya Let's Encrypt, ambavyo ni vya bure na vinatumiwa na tovuti nyingi mno. Vifaa vya zamani ambavyo havikuwa na cheti kipya viligoma kuunganika vikidai seva si ya kuaminika. Mwaka huohuo wa 2021, Machi, matoleo ya kwanza ya njia ya kusimba mawasiliano, TLS 1.0 na 1.1, yalitangazwa rasmi kuwa yameachwa. Mashine isiyojua 1.2 ikawa kama mtu anayebisha hodi kwa lugha ambayo wenye nyumba hawaisemi tena.

Kwa ukweli wa mambo, cheti na usimbaji si keneli yenyewe. Ni programu zilizo juu yake. Lakini huletwa katika fungu moja. Mtengenezaji aliyeacha kuhudumia keneli huwa ameacha na hivyo vingine.

Wafanyabiashara wengi wamelionja jambo hili kupitia simu. WhatsApp, ambayo ndiyo ofisi ya wengi wanaovuka mpaka huu, tangu 24 Oktoba 2023 haihudumii Android iliyo chini ya 5.0.

EBM: kutoka kidude hadi programu

Rwanda yenyewe ina funzo kubwa kuhusu suala hili. Kufuatia sheria ya VAT ya mwaka 2012, Mamlaka ya Mapato ya Rwanda (RRA) ilianza mwaka 2013 kuwaandikisha wafanyabiashara kutumia mashine za EBM. Mfumo wa kwanza ulikuwa na sehemu mbili: moja ya kuandikia ankara, na nyingine, kidude kilichofungwa, cha kutia saini kila risiti, kuihifadhi na kuituma RRA kwa laini ya simu. Kufungwa huko kulikuwa na sababu nzuri, maana mwenye duka hakutakiwa kuchezea hesabu. Lakini kifaa ambacho mwenyewe hawezi kukifungua ni kifaa ambacho uhai wake uko mikononi mwa aliyekiuza.

Kuanzia mwaka 2017 RRA ilileta EBM ya pili, ambayo ni programu inayowekwa kwenye kompyuta ya kawaida bila kulipiwa, na baadaye njia za kutumia simu. Mwaka 2020 wajibu wa kutumia EBM ulipanuliwa hadi kwa walipakodi wasioandikishwa VAT. Tangu mwaka 2024 mnunuzi wa mwisho anayedai risiti hurudishiwa asilimia 10 ya VAT aliyolipa, jambo lililofanya wateja wawe wakali kuhusu karatasi.

Uamuzi wa kuachana na kidude ulikuwa wa busara kiuchumi. Programu husahihishwa mara moja na wote wakaipata. Kenya nayo imepita njia hiyo kwa uchungu zaidi: wafanyabiashara walionunua rejista za ETR katika miaka ya 2000 walitakiwa, kwa kanuni za mwaka 2020, kuhamia mashine zinazotuma ankara moja kwa moja kwa KRA, na mwaka 2023 ukaja mfumo wa eTIMS wenye chaguo la programu tupu. Waliokuwa wamekwisha kununua mashine mpya hawakurudishiwa fedha.

Hata hivyo tatizo halikufa, limehama tu. Sasa wajibu wa kutunza mfumo endeshi uko kwa mwenye duka. Kompyuta ya mtumba yenye Windows 7 haijapata sasisho la kawaida tangu 14 Januari 2020, na Windows 10 ilifuata 14 Oktoba 2025. Ikivamiwa na kirusi, kinachopotea ni kumbukumbu za mauzo pamoja na uwezo wa kutoa ankara. Bila ankara ya EBM mnunuzi aliyeandikishwa hawezi kudai VAT yake ya asilimia 18, na mnunuzi wa namna hiyo huhamia duka la jirani siku hiyohiyo.

Mpaka wenye shinikizo

Gisenyi si mahali ambapo mashine hupumzika. Kabla ya janga la korona mwaka 2020, makumi ya maelfu ya watu walivuka Petite Barrière kwa siku, wengi wao akina mama wenye beseni za nyanya, mayai na unga. Malori hupita Grande Barrière, yaani La Corniche. Januari 2025 kundi la M23 lilipoingia Goma na benki za huko kufunga milango, wakazi wa Goma walivuka kuja Gisenyi kutafuta fedha taslimu. Siku za namna hiyo, mashine ya kadi inayogoma kuunganika hupanga foleni ya watu wasio na pa kwenda pengine.

Kwa upande wa usafirishaji, mfumo wa pamoja wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za elektroniki ulizinduliwa mwaka 2017 na mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda. Vituo vya kila nchi huona kontena moja kutoka bandarini Mombasa hadi mwisho wa safari, hivyo vizuizi vya ukaguzi njiani vikapungua. Mwaka 2020 Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza mfumo wa kufuatilia mizigo na madereva kwa programu ya simu, na ghafla simu ya dereva ikawa chombo cha forodha. Dereva mwenye simu kuukuu aligundua hapo kwamba uzee wa simu si siri yake tena.

Lakiri ni mali ya forodha au ya wakala wake, kwa hiyo dereva hana cha kusasisha. Anachoweza ni kuhakikisha, kabla ya kuondoka, kwamba afisa aliyeifunga ameiona ikituma taarifa yenye tarehe na saa sahihi, na kuandika namba yake. Lakiri ikinyamaza njiani, karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea.

Cha kumuuliza muuzaji

Si kila keneli ya zamani ni hatari. Mizani ya kupimia kahawa isiyounganishwa popote inaweza kuendelea na programu ya mwaka 2009 hadi chuma kiishe. Kinachotia wasiwasi ni kifaa kikuukuu kilichounganishwa na intaneti na kinachogusa fedha, kodi au ulinzi wa mzigo. Wengi hupiga hesabu kinyume: hubadilisha simu yenye kioo kilichopasuka, lakini huacha mashine ya malipo ambayo haijasasishwa tangu ilipotoka boksini.

Kwenye kifaa cha Android, namba ya keneli na tarehe ya mwisho ya sasisho la usalama huonekana kwenye mipangilio, sehemu ya "kuhusu simu". Tarehe hiyo ina uzito kuliko mwaka wa kununua. Mashine "mpya" yenye sasisho la miaka minne iliyopita ni ya zamani, na bei yake ijadiliwe hivyo. Kwa mashine za kadi, kila modeli ina kibali cha kimataifa cha usalama chenye tarehe ya kuisha, na orodha iko wazi kwa umma. Benki inayokodisha mashine inaweza kuombwa ionyeshe. Kwa vifuatiliaji, swali la kwanza ni kama programu ya ndani inaweza kusasishwa kwa njia ya hewa au ni lazima kila lori liingie gereji. Mwenye malori 40 yaliyotawanyika kati ya Mombasa na Goma anajua tofauti ya majibu hayo kwa shilingi na kwa faranga.

Mnunuzi wa jumla ana silaha mbili zaidi. Ya kwanza ni leseni. Linux hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2, inayomlazimu anayeisambaza ndani ya kifaa kumpatia mpokeaji msimbo wa keneli akiuomba. Viendeshi vilivyofungwa hubaki kuwa mgogoro, lakini muuzaji asiyejua hata maana ya ombi hilo amekwisha jibu swali kuhusu uwezo wake wa kuhudumia. Ya pili imetoka Ulaya: sheria ya Umoja wa Ulaya ya usalama wa bidhaa za kidijitali ilianza kuwa na nguvu Desemba 2024, na masharti yake makuu yanaanza 11 Desemba 2027. Watengenezaji watatakiwa kutaja muda wa kuhudumia bidhaa, ambao kwa kawaida hautapungua miaka mitano. Kiwanda kinachouza modeli moja Ulaya na Afrika hakitakuwa na kisingizio cha kukosa tarehe hiyo, na mwagizaji wa Kigali anaweza kuiandika kwenye mkataba wake.

Pale ambapo mashine ya zamani haina mbadala kwa sasa, mafundi hushauri itengwe: iwe na laini yake ya simu badala ya kukaa kwenye Wi-Fi moja na simu za wateja, isifungue tovuti, isichomekwe diski mweko za kila mtu, na saa yake ikaguliwe kila Jumatatu dhidi ya simu. Nakala ya mauzo itolewe nje ya mashine kila jioni. Siku itakapokataa kabisa, RRA ijulishwe mara moja na ushahidi wa kujulisha utunzwe, pamoja na picha ya ujumbe ulioonekana kwenye kioo, kwa kuwa karatasi za risiti zile hufifia na mkaguzi anaweza kufika baada ya mwaka mmoja au miwili.